Brusela: Jinsi ya Kuelewa Majibu ya Kipimo na Kupata Tiba Sahihi

Kipeperushi hiki kinahusu ugonjwa ambao kwa mifugo tunauita ugonjwa wa kutupa mimba, na ambao kwa binadamu watu wengi huuita brusela. Huwapata ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na watu. Unatibika, lakini kaya nyingi hupoteza fedha na afya kwa sababu mbili: majibu ya kipimo hayakueleweka vizuri, au dawa zilikatishwa kabla ya wakati.

Soma kipeperushi hiki pamoja na watu wa nyumbani kwako. Kitunze, na uende nacho zahanati au hospitali siku mtu wa kaya yako atakapoambiwa kuwa "ana brusela".

UGONJWA HUU NI UPI?

Brusela husababishwa na bakteria wadogo sana wasioonekana kwa macho. Daktari David Bruce ndiye aliyewaona kwanza, mwaka 1887, katika kisiwa cha Malta, kwa askari waliokuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Mwaka 1905, Themistocles Zammit, daktari wa hapohapo Malta, aligundua kuwa mbuzi walioonekana wazima kabisa walikuwa na bakteria hao, na kwamba watu walikuwa wakiambukizwa kwa kunywa maziwa ya mbuzi hao bila kuyachemsha.

Jambo hilo ni la kweli hata leo katika maboma yetu: mnyama anaweza kuonekana mzima, ana maziwa mengi na manyoya yanang'aa, kumbe anatoa ugonjwa.

Mtu huambukizwa kwa njia hizi:

1. Kunywa maziwa mabichi, au kula jibini na maziwa mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa.
2. Kumzalisha mnyama, au kushika kondo la nyuma, mimba iliyotupwa, damu na majimaji ya uzazi kwa mikono mitupu.
3. Kunywa damu mbichi, au kula ini, figo au nyama isiyoiva.
4. Kuvuta hewa yenye vumbi la zizi ambamo mnyama ametupa mimba.
5. Kujichoma kwa bahati mbaya na sindano ya chanjo ya ugonjwa huu.

Mtu kumwambukiza mtu mwingine ni jambo la nadra sana. Mgonjwa wa brusela hahitaji kutengwa. Anaweza kula na kulala na wenzake kama kawaida.

DALILI KWA BINADAMU

Mara nyingi dalili huanza wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, ingawa wakati mwingine huchukua miezi. Dalili kubwa ni hizi:

- Homa inayopanda na kushuka, mara nyingi jioni na usiku.
- Jasho jingi usiku, hata nguo zinalowa.
- Maumivu ya viungo, kiuno na mgongo.
- Uchovu usioisha, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito.
- Kwa wanaume, korodani kuvimba na kuuma.
- Kwa wajawazito, mimba kuharibika.

Ugonjwa usipotibiwa unaweza kukaa mwilini miezi mingi na kuharibu mifupa ya mgongo na viungo. Mara chache hushambulia vali za moyo, na hapo ndipo unapoweza kuua.

Tatizo ni kwamba dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine mengi: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, homa ya papasi na magonjwa mengine yanayotoka kwa wanyama. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2013, ulifuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Walipopimwa kwa makini, malaria ilikuwa ndiyo chanzo cha homa kwa watu 14 tu. Wengi miongoni mwa waliobaki walikuwa na magonjwa ambayo hakuna aliyeyafikiria, yakiwemo ya kutoka kwa mifugo.

Kwa hiyo dalili peke yake hazitoshi. Kipimo kinahitajika, tena kipimo kizuri.

KIPIMO HUTAFUTA NINI?

Vipimo vingi vya brusela havimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza ili kupigana na bakteria huyo.

Kingamwili ni kama nyayo za fisi karibu na zizi. Ukiziona, unajua fisi alipita. Lakini nyayo peke yake hazikuambii kama fisi bado yupo kichakani au aliondoka siku nyingi. Vilevile, kama fisi amefika dakika hii juu ya mwamba, huenda yupo lakini nyayo huzioni. Na mtu asiyejua nyayo vizuri anaweza kuona za mbwa akasema ni za fisi.

Mambo hayo matatu hutokea pia kwenye kipimo cha damu:

- Kingamwili hubaki mwilini miezi mingi, hata miaka, baada ya mtu kupona.
- Katika siku za mwanzo za ugonjwa, kingamwili zinaweza kuwa bado hazijatosha kuonekana.
- Bakteria wa magonjwa mengine wanaweza kuufanya mwili utoe kingamwili zinazofanana na za brusela, kipimo kikasema "ipo" wakati haipo.

VIPIMO SI VYA AINA MOJA

Muulize mtaalamu wa maabara ametumia kipimo gani. Hilo si jambo la aibu. Ni haki yako kujua.

Kipimo cha matone ya rangi. Hiki kimetumika kwa miaka mingi katika zahanati na maabara nyingi ndogo za Afrika Mashariki. Tone la damu huchanganywa na dawa ya rangi, mara nyingi buluu au nyekundu, na mara nyingi hufanywa pamoja na kipimo cha homa ya matumbo. Ni rahisi na cha haraka, lakini hukosea sana. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu watu wote walioambiwa wana brusela kwa kipimo hiki hawakuwa nayo walipopimwa kwa njia bora zaidi, na wengine waliokuwa nayo waliambiwa hawana.

Kipimo cha Rozi Bengali. Hiki hutumia dawa ya rangi ya waridi. Mtaalamu huiacha damu igande, huchukua majimaji ya manjano yanayobaki juu, huyachanganya na dawa juu ya kigae cheupe na kukitikisa polepole kwa dakika 4. Chembechembe zikigandana, kingamwili zipo. Kipimo hiki ni cha bei nafuu, kinaaminika zaidi, na ndicho kinachotumika pia kupima ng'ombe na mbuzi. Kama zahanati ya karibu haina, omba barua ya rufaa kwenda hospitali yenye maabara kubwa zaidi.

Kipimo cha mirija. Hapa maabara huiongezea damu maji kidogo kidogo ili kuona kingamwili ni nyingi kiasi gani. Majibu huandikwa kwa namba kama 1:40, 1:80, 1:160 au 1:320. Namba 1:160 maana yake ni kwamba hata majimaji ya damu yalipopunguzwa makali mara 160, bado yaligandana. Namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi. Namba ndogo iliyopimwa mara moja tu haithibitishi ugonjwa. Lakini namba ikipanda mara nne au zaidi ndani ya wiki 2, kwa mfano kutoka 1:80 hadi 1:320, hiyo ni dalili nzuri kwamba ugonjwa ni mpya.

Kuotesha damu. Hospitali kubwa zinaweza kuotesha damu maabara ili kumpata bakteria mwenyewe. Akipatikana, hakuna ubishi. Lakini huchukua siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa, na bakteria asipoota haina maana kwamba hayupo. Damu hii ni vizuri itolewe kabla mgonjwa hajaanza dawa.

MAJIBU YAKO YANA MAANA GANI?

Tafuta hapa chini hali inayofanana na yako.

1. "Hakuna brusela", na homa imeanza siku chache tu zilizopita.
Huenda ni mapema mno. Tibiwa ugonjwa mwingine kama umeonekana. Homa isipoisha, rudi upimwe tena baada ya wiki 2.

2. "Hakuna brusela" kwa kipimo kizuri, na unaumwa kwa wiki kadhaa.
Uwezekano wa brusela ni mdogo. Mwombe daktari atafute sababu nyingine. Kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, lazima upimwe kifua kikuu.

3. "Brusela ipo" kwa kipimo cha matone ya rangi.
Usianze dawa za wiki 6 kwa karatasi hiyo peke yake. Omba kipimo cha Rozi Bengali kuthibitisha. Kama hali ya mgonjwa ni mbaya, nenda hospitali mara moja na uache daktari aamue wakati majibu mengine yanasubiriwa.

4. "Brusela ipo" kwa Rozi Bengali, na una dalili zilizotajwa.
Inawezekana sana kuwa ni brusela. Unahitaji tiba kamili. Kwa watu wanaoishi na mifugo kila siku, daktari anaweza kuongeza kipimo cha mirija ili kutofautisha ugonjwa wa sasa na mabaki ya zamani.

5. "Brusela ipo", lakini huna dalili yoyote.
Hili hutokea sana kwa wafugaji, kwa kuwa wengi wamewahi kukutana na bakteria huyu. Mara nyingi tiba haihitajiki. Ukipata homa au maumivu ya viungo, rudi upimwe.

6. "Brusela bado ipo", na umeshamaliza dawa na unajisikia vizuri.
Hizo ni nyayo za zamani. Usirudie dawa kwa sababu ya karatasi. Mgonjwa hufuatiliwa kwa dalili zake: homa imekwisha? Maumivu yamepungua? Uzito umerudi? Dalili zikirudi, hapo rudi hospitali.

MFANO WA KAYA MOJA

Tuseme mama wa boma ana homa ya usiku na maumivu ya mgongo kwa mwezi mzima. Anapimwa kwa matone ya rangi, anaambiwa ana brusela. Familia inauza mbuzi wawili kununua dawa. Baada ya siku 10 homa inapungua kidogo, dawa zinaisha, fedha zimekwisha. Mwezi unaofuata homa inarudi. Anapimwa tena kwa kipimo kilekile, anaambiwa bado anayo. Mbuzi wengine wanauzwa.

Hapa kunaweza kuwa na mambo mawili. Huenda mama ana brusela kweli, lakini dawa za siku 10 hazikutosha. Au huenda hakuwa na brusela tangu mwanzo, na ugonjwa halisi, kwa mfano kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, unaendelea kumla huku familia ikinunua dawa zisizoutibu. Kwa hali yoyote kati ya hizo, mbuzi wamekwenda na mama bado anaumwa.

Fedha ya mbuzi mmoja ikitumika kwanza kwenda hospitali yenye kipimo kizuri, zinazobaki hutumika kwenye dawa zinazohitajika kweli.

TIBA SAHIHI

Bakteria wa brusela hujificha ndani ya chembe za mwili. Ndiyo maana dawa moja haitoshi, na siku chache hazitoshi. Tiba sahihi ina mambo mawili: dawa zaidi ya moja kwa pamoja, na muda mrefu.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, tiba inayotumika zaidi ni mojawapo ya hizi:

- Doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na sindano ya streptomaisini kila siku kwa wiki 2 hadi 3. Hospitali nyingine hutumia sindano ya jentamaisini kwa siku 7 hadi 10 badala ya streptomaisini.
- Doksisaiklini hiyohiyo kwa wiki 6, pamoja na rifampisini kila siku kwa wiki 6.

Daktari ndiye anayechagua, kwa kuangalia hali ya mgonjwa na umbali wa kituo. Ugonjwa ukiwa umeingia kwenye mgongo au moyo, tiba huwa ndefu zaidi.

Hesabu dawa zako kabla ya kuondoka dirishani. Wiki 6 ni siku 42. Doksisaiklini mbili kwa siku kwa siku 42 ni 84. Kama umepewa 20, hizo ni za siku 10 tu. Uliza zilizobaki utazipata lini na wapi.

Watu wa kuangaliwa kwa uangalifu:

- Mjamzito asipewe doksisaiklini wala streptomaisini. Zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zipo dawa nyingine kwa ajili yake. Mwanamke aseme mapema kama ana mimba au anadhani anayo.
- Mtoto wa chini ya miaka 8 naye kwa kawaida hupewa dawa tofauti, kwa kipimo cha uzito wake.
- Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, au vidonge vya uzazi wa mpango, amwambie daktari. Rifampisini hupunguza nguvu za baadhi ya dawa hizo.
- Mwenye kikohozi cha muda mrefu apimwe kifua kikuu kabla ya kupewa rifampisini. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, na ikitumiwa bila dawa zake nyingine inaweza kukifanya kifua kikuu kiwe sugu.

Namna ya kumeza dawa:

- Meza doksisaiklini kwa maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, na usilale mara moja. Ikikwama kooni huunguza.
- Usimeze doksisaiklini pamoja na maziwa. Meza kwa maji, maziwa yaliyochemshwa kunywa baadaye.
- Doksisaiklini huifanya ngozi iungue kwa jua kwa urahisi. Mchungaji ajifunike kichwa na mikono.
- Rifampisini huubadilisha mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu. Hiyo si damu. Usiache dawa kwa sababu hiyo.
- Masikio yakianza kuvuma au kizunguzungu kikianza ukiwa unachomwa streptomaisini au jentamaisini, mwambie mhudumu siku hiyohiyo.
- Macho yakiwa ya manjano au kutapika kusikoisha, rudi kituoni.

Homa mara nyingi huanza kupungua katika wiki ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuacha dawa. Homa kushuka si kupona. Ukiacha, ugonjwa hurudi, na safari ya hospitali huanza upya.

Hata waliomaliza dawa zote, wachache hurudiwa na ugonjwa, mara nyingi ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Ukirudiwa, pimwa upya na utibiwe upya. Usinunue dawa zilezile dukani kwa kukisia.

KAMA MNAHAMA

Wakati wa kiangazi familia nyingi huhama kufuata maji na malisho. Kabla ya kuanza tiba, mwambie daktari kama mnatarajia kuhama. Chaguo la dawa za kumeza tu linaweza kufaa zaidi kuliko sindano za kila siku. Omba dawa zote zitolewe kwa pamoja, au barua inayoonyesha jina la dawa, siku ulizokwisha kutumia na zilizobaki, ili kituo cha huko mnakokwenda kiendeleze. Tunza dawa mahali pakavu, mbali na jua na watoto.

USIFANYE HAYA

- Usijichome wala usimchome mtu dawa ya ng'ombe. Oksitetrasaiklini ya mifugo haikutengenezwa kwa ajili ya binadamu, kipimo chake ni kingine, na haiponyi brusela.
- Usigawane dawa za mgonjwa mmoja kwa watu wawili. Wote hawatapona.
- Usitibu mnyama mwenye brusela kwa sindano ukitumaini atapona. Anaweza kuonekana amepona lakini bakteria hubaki kwenye kiwele na tezi, akaendelea kuwaambukiza wengine.

MTU AKIPATA BRUSELA, TAZAMA KUNDI

Mtu aliyethibitishwa kuwa na brusela ni taarifa kuhusu mifugo yako. Tiba ya mtu bila kuangalia kundi ni kama kuzoa maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Mwambie Afisa Mifugo wa kata yako mapema. Mwambie pia daktari wa hospitali kuwa unafuga, na kama kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni.

Dalili katika kundi ni hizi:

- Ng'ombe kutupa mimba baada ya mwezi wa 5, na mbuzi au kondoo katika miezi 2 ya mwisho.
- Kondo la nyuma kutotoka.
- Ndama au wana-mbuzi kuzaliwa dhaifu na kufa.
- Magoti kuvimba na kujaa maji.
- Fahali au beberu kuvimba korodani.

Jihadhari: ng'ombe mwenye ugonjwa mara nyingi hutupa mimba mara moja tu. Mimba zinazofuata huzaa kawaida, na mfugaji hudhani amepona. Kumbe bado anatoa bakteria kwenye maziwa na kila anapozaa.

Majibu ya mifugo nayo yanahitaji kueleweka. Ng'ombe aliyetupa mimba leo anaweza kuonekana hana ugonjwa; apimwe tena baada ya wiki 2 hadi 3. Ndama mdogo anaweza kuonekana anao kwa sababu ya kingamwili za maziwa ya mama yake. Na mnyama aliyechanjwa kwa chanjo ya S19, au mbuzi na kondoo waliochanjwa kwa Rev.1, wanaweza kuonekana wana ugonjwa kwa sababu ya chanjo tu. Kwa hiyo weka kumbukumbu: mnyama gani, alichanjwa lini, kwa chanjo ipi.

Mnyama aliyethibitishwa asiuzwe kwa jirani wala mnadani kwa ajili ya kufugwa. Kufanya hivyo ni kuhamisha ugonjwa kwenye boma la mwenzako, na kesho fahali wake na malisho yenu ya pamoja vitaurudisha kwako. Zungumza na Afisa Mifugo juu ya kumchinja chini ya ukaguzi. Nyama yake ikiiva vizuri huliwa. Wachinjaji wavae glavu, na kizazi, kiwele na tezi vitupwe kama mkaguzi atakavyoelekeza.

Chanjo hutolewa na wataalamu tu, kwa mitamba midogo na kwa mbuzi na kondoo wa umri unaofaa. Mnyama mwenye mimba anaweza kuitupa akichanjwa. Chanjo hizi zina bakteria hai. Mtu akijichoma, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, aende hospitali akiwa na chupa ya chanjo. Chanjo ya RB51 haisikii rifampisini, na ya Rev.1 haisikii streptomaisini, hivyo daktari lazima ajue ni ipi ili achague dawa.

KINGA NYUMBANI

1. Chemsha maziwa yote mpaka yaumuke na kutokota, hata ya ng'ombe unayemwamini. Kufukiza kibuyu kwa moshi kunaleta harufu nzuri lakini hakuui bakteria. Kugandisha peke yake nako si kinga ya kutegemea. Ukitaka mgando, chemsha kwanza, acha yapoe, kisha gandisha.
2. Watoto wanaokwenda machungani wasinyonye wala kukamua moja kwa moja mdomoni.
3. Unapomzalisha mnyama, vaa glavu. Kama hakuna, funga mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi. Funika pua na mdomo kwa kitambaa. Nawa kwa sabuni ukimaliza.
4. Mimba iliyotupwa na kondo la nyuma vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu, mbali na maji. Nyunyiza chokaa kama ipo. Usiwape mbwa. Mbwa hubeba mabaki na kuyaeneza.
5. Mnyama aliyetupa mimba atengwe na wenzake mpaka uchafu ukome kutoka na Afisa Mifugo amwone.
6. Wajawazito wasisaidie kuzalisha wanyama wala kusafisha mahali mimba ilipotupwa.
7. Mnyama mpya apimwe kabla ya kuingia kundini. Fahali wa kuazima naye vilevile.

MASWALI YA KWENDA NAYO HOSPITALI

- Mmetumia kipimo gani? Je, ni Rozi Bengali?
- Nimepimwa malaria? Kifua kikuu?
- Natakiwa kupata dawa ngapi, kwa siku ngapi?
- Je, dawa hizi zinafaa kwa mjamzito, kwa mtoto, au pamoja na dawa nyingine ninazotumia?
- Nirudi lini? Ni dalili gani zikitokea nirudi mapema?

KUMBUKA

Karatasi inayosema "ipo" si ugonjwa, na inayosema "haipo" si uzima. Majibu ya kipimo husomwa pamoja na dalili za mgonjwa na hali ya kundi lake. Thibitisha kwa kipimo kizuri, tumia dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 bila kukatisha, chemsha maziwa, na toa taarifa ya kila mimba inayotupwa.

Kwa ushauri zaidi, mwone Afisa Mifugo wa kata yako au mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe.